Kushuka na mto Adige: siku tatu za baiskeli kutoka Reschen hadi Trento, mbali na magari

Kila ninapomwambia mtu twende Milima ya Alpi kwa baiskeli, jibu huwa lilelile: "Mimi siwezi milima." Mlima humtesa anayeanzia chini. Katika bonde hili unaanzia juu, unashuka na mto, na sehemu kubwa ya njia ni lami nyembamba isiyoruhusu magari ya kawaida. Nimeipita mara kadhaa, nikiwa peke yangu na nikiwa na watu ambao hawakuwa wamekaa juu ya baiskeli miaka mingi. Hivi ndivyo ninavyoipanga.

Hatua ya 1: Chagua mwelekeo na ugawe siku

Anzia Reschen (Waitaliano wanapaita Resia), mpakani mwa Austria na Italia, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Karibu na hapo ndipo Adige inapochipuka, kisha inatiririka kilomita 410 hadi Bahari ya Adriatiki. Mji wa Merano uko mita 325 tu. Yaani kwa kilomita kama 85 unashuka takriban mita 1,200, na mto ndio unaokuonyesha njia.

Mimi hulala Schlanders usiku wa kwanza, Bolzano usiku wa pili, na siku ya tatu naingia Trento. Mwenye mapaja ya chuma anaweza kuikata safari kwa siku mbili, lakini bonde hili halistahili kupitwa mbio. Msimu mzuri ni Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kabla ya hapo theluji huweza kuwa bado imelala kule juu.

Hatua ya 2: Fika juu bila kuhatarisha maisha

Kutoka Innsbruck, Austria, panda treni hadi Landeck. Kutoka hapo wapo wanaoendelea kwa pedeli, lakini sikiliza vizuri: barabara kuu inayopanda moja kwa moja kwenda Nauders, kijiji cha mwisho cha Austria kabla ya Reschen, ni nyembamba na malori hayapungui. Usiifuate. Waendesha baiskeli huzungukia Martina, upande wa Uswisi, kisha hupanda kona 11 hadi Norbertshöhe, mita 1,405, ndipo huteremkia Nauders. Hapo nako magari yapo. Ukiwa na mtoto au mizigo mizito, panda basi. Uliza siku moja kabla kama linabeba baiskeli na kama nafasi huwekwa mapema, maana viti vya watu vinaweza kuwa tele na nafasi za baiskeli zikawa zimekwisha.

Ukitokea kusini, ipo reli ya bondeni kutoka Merano hadi Mals, halafu basi hadi Reschen. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1990 ikafunguliwa tena mwaka 2005, na baadaye ikaingia kwenye kazi za kuwekewa umeme. Kwa hiyo soma ratiba na masharti ya baiskeli kabla hujanunua tiketi.

Beba pasipoti na kibali chako cha kuishi au viza. Nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen na mara nyingi hutasimamishwa, lakini ukisimamishwa, picha iliyo kwenye simu haitoshi.

Hatua ya 3: Kagua breki kuliko kitu kingine chochote

Kwenye safari ya kupanda, gia ndizo zinazokuokoa. Hapa ni breki. Fanya hivi nyumbani, siyo kule mlimani.

Shika breki ya mbele uibane, kisha sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Ukiona gurudumu la mbele linazunguka, kaza waya. Angalia raba za breki. Zina mifereji midogo iliyokatwa kwa makusudi. Ikiwa imefutika, nunua mpya hata kama bado zinashika. Chunguza waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwa sababu ndipo unapoanza kukatika uzi mmoja mmoja.

Mizigo ifunge chini, kwenye mikoba ya pande mbili za karia, uzito ukiwa sawa kulia na kushoto. Chukua tyubu mbili, viraka, pampu, na fulana ya kung'aa. Sheria ya Italia inaidai ndani ya mahandaki, na usiku ukiwa nje ya miji.

Hatua ya 4: Ziwa, kisha mteremko wa kwanza

Ukishavuka mpaka utaona mnara wa kanisa umesimama majini. Mwaka 1950 bonde lilijazwa maji kwa ajili ya umeme, kijiji cha Graun kikazama na ukabaki mnara. Watu walihamishwa kutoka kwenye nyumba zao na mashamba yao. Mimi husimama pale nikanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Baada ya ziwa la pili, njia inaporomoka kuelekea Burgeis. Hapa ndipo wageni wanapokosea: wanashika breki na kuzing'ang'ania hadi chini. Rimu inapata moto, harufu ya raba inakupanda puani, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia kabisa, acha upepo upoze, bana tena. Tumia zote mbili, na punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti. Vidole vikianza kufa ganzi, simama, hakuna anayekufukuza.

Chini kabisa pumzika Glurns, mji mdogo ambao kuta zake za kale bado zinauzunguka mzima.

Hatua ya 5: Kati ya matufaha

Kuanzia hapa bonde linalainika na miti ya matufaha inakufuata pande zote mbili. Vibao vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano: Mals ni Malles, Meran ni Merano, Bozen ni Bolzano, na mto Etsch ndiyo Adige. Yaandike yote mawili kwenye karatasi, usije ukadhani umepotea.

Njia haina magari, ila wakulima wanaitumia. Wakati wa mavuno, kuanzia mwishoni mwa Agosti, utakutana na matrekta yenye makreti yaliyojaa. Wao wako kazini. Sogea pembeni, weka mguu chini, wape salamu.

Aprili kuna jambo jingine. Usiku wa baridi kali, wakulima hunyunyizia maji miti iliyochanua, barafu ifunike maua na kuyakinga yasiungue kwa baridi. Asubuhi kila ua limo ndani ya kioo chake, unaona hadi mishipa ya petali. Nilikuwa nikiyatazama hayo nilipoanguka: maji yalikuwa yamerukia hadi njiani na kuganda. Nilichubuka kiwiko, na mkono wa breki ukapinda. Mwezi huo, subiri jua lifike njiani kwanza.

Maji ya kunywa hayana shida, vijijini kuna chemchemi za mawe. Ila penye maneno "Kein Trinkwasser" au "Acqua non potabile", usinywe.

Kabla ya Merano, pale Töll, njia inajikunja kona baada ya kona. Ni Burgeis tena kwa ufupi, na watu wanapanda huku wewe unashuka. Piga kengele.

Hatua ya 6: Bolzano hadi Trento, ondoka mapema

Siku hii ni tambarare, zaidi ya kilomita 60 juu ya tuta la mto, na ndiyo iliyonichosha kuliko zote mara ya kwanza. Niliondoka Bolzano saa saba mchana. Kumbe kuanzia adhuhuri upepo hupanda bonde kutoka kusini, nikawa napiga pedeli kama mtu anayepanda mlima usioonekana. Ondoka saa moja asubuhi, kabla ya saa sita uwe umeshamaliza sehemu kubwa. Ukishaingia mkoa wa Trentino utakuta Bicigrill, migahawa iliyowekwa kando ya njia kwa ajili yetu.

Trento panda treni ya mkoa kurudi kaskazini, ukikata na tiketi ya baiskeli. Ukiwa bado na miguu, shuka na mto hadi Mori, ambako njia nyingine inachepuka kwenda Torbole: kilima kifupi cha kupanda, kona moja, na Ziwa Garda lote liko chini yako.