Hela ya tozo ya mafuta ifike mtaani kwenu: namna ya kuomba barabara irekebishwe hapa Dodoma

Kila mafuta yanapowekwa wewe unachangia barabara, hata kama huna gari, maana boda na bajaji wanapiga hesabu ya mafuta ndani ya nauli wanayokutoza. Kwenye bei ya lita kuna tozo inayoenda Mfuko wa Barabara, na ukitaka kujua sasa hivi ni shilingi ngapi fungua tangazo la bei la EWURA, mamlaka inayopanga bei kikomo za mafuta, lile la Jumatano ya kwanza ya mwezi, mle ndani kuna jedwali linaloonyesha bei imejengwa na nini na nini. Mwaka 2021 Bunge likiwa hapa hapa Dodoma liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sababu iliyotolewa ni barabara za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, yaani hizi zetu za mitaani. Boda anayeweka lita 3 kwa siku hiyo nyongeza peke yake ni 300, leo, kesho na keshokutwa. Kwa hiyo unapoingia ofisini kuulizia barabara ya mtaa wenu ingia kama mtu anayefuatilia hela yake, kwa heshima lakini bila kujikunyata.

Haya nawaandikia watu wa Nkuhungu, Ilazo, Nzuguni, Mkonze, Chang'ombe, Miyuji na kwingine kote ambako mvua ikianza Desemba maji yanachagua njia ya kupita na njia yenyewe inakuwa barabara.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hizo ni kama ya Dar, ya Singida, ya Iringa, ya Kondoa kwenda Arusha, na ile ya mzunguko wa nje. Nyingi zilizobaki za mjini na vijijini ni za TARURA, ambayo ilianza 2017 kuchukua kazi zilizokuwa za halmashauri na sasa inahudumia zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. Mgawo wa Mfuko kwa miaka mingi umekuwa asilimia 70 TANROADS na 30 huku kwetu, na wabunge wamelilalamikia hilo sana, mimi naona wana haki kabisa maana mtandao wa TARURA ni mrefu mara kadhaa. Lakini ndio hali yenyewe, hela ni kidogo na wilaya ni nyingi.

Kabla hamjaandika chochote ulizeni swali moja ofisi ya TARURA: hii barabara yetu ipo kwenye mtandao uliosajiliwa? Watu wengi hawaulizi hili halafu wanazungushwa miaka. Dodoma imepimwa viwanja vingi sana tangu serikali ihamie, unakuta mtaa una nyumba, umeme, maji, na kwenye ramani ya mipango miji barabara imechorwa vizuri tu ila haimo kwenye orodha ya TARURA, na hela ya Mfuko inaenda kwenye barabara zinazotambulika kisheria. Kama haimo ombi lenu la kwanza liwe kuiingiza, na hilo lipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani.

Sasa hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Sheria ya tozo za barabara na mafuta inataka angalau asilimia 90 ya hela ya Mfuko iende kwenye matengenezo na dharura, ujenzi mpya unabakiziwa isiyozidi 10. Lami nyingi mnayoiona katikati ya jiji imekuja kwa miradi mingine kabisa, mkopo wa Benki ya Dunia kupitia TSCP na baadaye TACTIC. Mtaa ukikaa kikao ukaandika "tunaomba lami" kwa hela ya tozo, hiyo barua inaingia kwenye faili pamoja na nyingine mia zinazofanana nayo na inalala huko. Ombeni matengenezo. Ombeni greda ichonge, ombeni kifusi kwenye sehemu korofi, ombeni kalavati pale maji yanapokatiza, ombeni mitaro. Kalavati moja mahali sahihi na mtaro wenye pa kumwagia maji vinaweza kuokoa barabara nzima, kwa sababu udongo wetu mwingi ni wa kichanga, haukai na maji yanayokimbia, leo ni kijifereji cha vidole viwili na mvua tatu baadaye ni korongo.

Halafu kusanyeni ushahidi, na ushahidi mzuri unakusanywa mvua ikinyesha. Mtu mmoja atoke na simu, asimame pale maji yanapoingilia barabara apige picha, atembee nayo mpaka yanapotokea apige tena. Chungulieni kalavati lililopo, mara nyingi bomba ni zima ila limejaa mchanga na chupa za plastiki mpaka juu, hapo mnachohitaji ni kuzibuliwa, kazi ya hela ndogo ambayo inaingia kwenye matengenezo ya kawaida. Pimeni umbali kwa kilomita za pikipiki kuanzia njia panda inayojulikana, ili mseme "mita 400 kutoka njia panda ya shule" badala ya "kule kwa mama fulani". Andikeni na nani anaitumia: wanafunzi, wajawazito wanaokwenda zahanati, bajaji zinazofika au zilizoacha kufika.

Barua isiwe ndefu. Kitu kama hiki kinatosha:

"Ndugu Meneja wa TARURA Wilaya ya Dodoma, sisi wakazi wa mtaa wa (jina), kata ya (jina), kupitia mkutano wa mtaa wa tarehe (…), tunaomba barabara ya (jina), yenye urefu wa kilomita (…), iingizwe kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka wa fedha ujao. Sehemu korofi ni mbili: mita (…) ambapo maji yanakatiza na hakuna kalavati, na mita (…) ambapo kalavati limeziba. Tunaambatanisha picha na muhtasari wa mkutano. Tunaomba mtaalamu aje akague."

Isainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ipite kamati ya maendeleo ya kata, nakala kwa diwani. Diwani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, mpango wa TARURA unapelekwa baraza la madiwani na pale ndipo kata moja inapata na nyingine inasubiri, diwani asiye na karatasi mkononi atasema nini? Juu ya hapo kuna bodi ya barabara ya mkoa, mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa na wabunge wanaingia, kwa hiyo mbunge naye apewe nakala.

Muda nao jamani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linaanza Aprili, ila mipango ya chini inapikwa miezi mingi kabla. Barua ya Machi wakati mmekwama kwenye tope imeshachelewa kwa bajeti hiyo. Pelekeni Septemba au Oktoba mkitumia picha za mvua iliyopita. Daraja likikatika ghafla hiyo ni dharura, ina fungu lake, piga simu siku hiyo hiyo na msisubiri kikao. Kama kinachohitajika ni kidogo sana ulizeni pia mfuko wa jimbo na mapato ya ndani ya jiji.

Mkipata jibu la kuzungushwa kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika kuomba orodha ya barabara zilizopangiwa matengenezo kwenye kata yenu mwaka huu, mkandarasi ni nani na mkataba ni wa shilingi ngapi, wana siku 30 kukujibu. Mimi ningeomba hiyo orodha hata kabla ya kulalamika, kuna mitaa inalia kumbe barabara yao imo na mkandarasi ameshasaini.

Kazi ikianza msiende kulala. Soma kibao cha mradi, kinapaswa kuonyesha mkandarasi, muda na chanzo cha fedha. Greda ikipita angalia kama barabara ina mgongo, katikati iwe juu na pembeni ishuke kwenye mitaro, mwaga ndoo ya maji pale kati uone yanakwenda wapi, yakituama ujue mvua ya kwanza itaanzia hapo hapo. Kifusi kimwagiwe maji na kishindiliwe, kikitandazwa kikavu tu kinaondoka na upepo wa Agosti kabla hata mvua haijafika. Unene wa changarawe mara nyingi ni sentimita 15 baada ya kushindilia, uliza mkataba wenu unasema ngapi halafu mwambie injinia wa TARURA apime mbele yenu. Msigombane na vibarua, wao wanatumwa. Na hizo kazi za kuzibua mitaro na kufyeka nyasi vikundi vya vijana, kina mama na watu wenye ulemavu vinaruhusiwa kuziomba, kwa hiyo kama kikundi chenu kimesajiliwa ingieni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa kuomba zabuni kwa mtandao, hela ibaki mtaani.

Mkandarasi akimaliza kuna kipindi cha matazamio, muda wake umeandikwa kwenye mkataba, ndani yake kasoro zake anarekebisha kwa hela yake mwenyewe. Andika tarehe kinapoisha. Kalavati likititia au ukuta wake ukipasuka kabla ya tarehe hiyo piga picha, barua kwa meneja wa wilaya, nakala kwa diwani na kwa Bodi ya Mfuko wa Barabara.