Kupanga ubora wa video kwenye kamera za ulinzi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mteja anaponiita kwa sababu picha za kamera zake hazieleweki, mara nyingi nakuta kamera ni nzima, waya ni mzima na rekoda inafanya kazi. Kilichobaki nyuma ni mipangilio, ambayo fundi aliyefunga mtambo aliiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mipangilio hiyo hailijui duka lako wala haijui diski yako ina ukubwa gani. Katika mwongozo huu nitafuata mfano mmoja: duka la jumla la Kariakoo lenye kamera nne za megapikseli 4, yaani mlangoni, kaunta, stoo na nje, pamoja na rekoda (kifaa kinachohifadhi video) yenye diski ya terabaiti 1. Majina ya menyu hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine, lakini vipengele nitakavyovitaja vimo katika rekoda nyingi zinazouzwa madukani.

Hatua ya 1: Amua kila kamera inatakiwa kujibu swali gani

Usiguse menyu kabla ya kuamua jambo hili. Kamera ya mlangoni inatakiwa kujibu swali la "ni nani huyu?", ilhali ya stoo inatosha ikijibu "ni nini kilitokea, na saa ngapi?". Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitenganisha mahitaji hayo kwa kuhesabu pikseli (nukta zinazounda picha) zinazoangukia kila mita ya eneo linaloonekana: pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu, 125 zinatosha kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 ndizo zinazohitajika ili mtu usiyemjua aweze kuthibitishwa kuwa ni fulani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 4 ina upana wa pikseli 2560. Ukigawanya kwa 250 unapata mita 10 na kidogo. Kwa hiyo, mahali ambapo mtu anasimama, upana wa eneo linaloonekana usizidi mita 10 kama unataka uso wa mgeni utambulike. Kamera ya pikseli 1920 inaishia mita 7.7. Kama kamera ya nje inaangalia upana wa mita 15, unapata pikseli 170 kwa mita, ambazo zitakuonyesha kwamba aliyepita ni mpagazi wako lakini hazitakusaidia kwa mtu usiyemjua. Hakuna mpangilio wa menyu utakaoponya upungufu huo: badilisha lenzi ya milimita 2.8 uweke ya 4 au 6, au isogeze kamera karibu. Tena usiifunge juu mno, kwa kuwa kamera iliyo juu ya mita 4 hurekodi kofia za watu kwa ustadi mkubwa.

Hatua ya 2: Weka 50 Hz, kisha rekebisha saa

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hertzi 50, kwa hiyo chagua 50 Hz, ambayo menyu nyingine huiita PAL. Kamera iliyoachwa kwenye 60 Hz chini ya taa za tyubu huonyesha mistari ya giza inayopanda au kushuka taratibu kwenye picha, na watu wengi hudhani kamera imekufa. Fanya badiliko hili mapema, kwa kuwa kamera nyingi hujizima na kuwaka upya baada yake, na kiwango cha juu cha fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, huwa 25 kwa sekunde badala ya 30.

Kwa saa, chagua UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, na uiruhusu rekoda ijirekebishe kupitia intaneti. Rekoda huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo tukio ambalo mlinzi atakwambia lilitokea saa tisa usiku utalitafuta kwenye 03:00.

Hatua ya 3: Chagua kodeki

Kodeki ni njia ya kubana video ili isijaze diski. Chagua H.265 kwa kurekodi. Kodeki hii iliidhinishwa mwaka 2013, miaka kumi baada ya H.264, na kwa ubora uleule hutumia takriban nusu ya biti, yaani data inayobeba picha. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya kompyuta za zamani hushindwa kuicheza, jambo ambalo utalikumbuka siku utakapopeleka video kituo cha polisi. Kwa hiyo hakikisha unajua jinsi ya kuitoa kwenye rekoda pamoja na programu yake ya kuchezea. Zile aina zenye alama ya kujumlisha, kama H.265+, hubana zaidi sehemu za picha zisizo na mwendo. Mimi huzitumia stoo lakini sizitumii mlangoni, ambako kila pikseli ina kazi.

Hatua ya 4: Rezolusheni na fremu

Rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, iache kwenye kiwango kamili kwa kamera tatu, na stoo unaweza kuishusha hadi 1920 kwa 1080. Kuhusu fremu, watu hupenda 25 kwa sababu mwendo unaonekana laini, lakini mtu anayetembea ndani ya duka hahitaji zaidi ya 15. Kaunta ni tofauti: mkono unaohesabu noti au kurudisha chenji huenda haraka, hivyo ipe 20 au 25. Stoo inatosheka na 10. Ukishusha fremu bila kushusha kiwango cha biti (biti zinazotumika kila sekunde), kila fremu inayobaki hupata biti nyingi zaidi, na faida hiyo huonekana usoni. Nafasi kati ya fremu kamili (zinazohifadhiwa nzima bila kutegemea nyingine), inayoandikwa "I-frame interval" kwenye menyu, iwe mara mbili ya fremu kwa sekunde: 30 kwa 15, 50 kwa 25.

Hatua ya 5: Kiwango cha biti na diski

Hapa ndipo ubora unapopatikana au kupotea, na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Kamera ya megapikseli 8 iliyonyimwa biti itakupa uso mbaya kuliko kamera ya megapikseli 2 iliyoshibishwa. Dalili yake ni rahisi kuijua: duka likiwa tulivu, ukuta unaonekana safi na maandishi kwenye mfuko wa mchele yanasomeka, lakini mtu akipita tu, uso wake unageuka vipande vya mraba kama vigae. Usidanganywe na picha ya duka lisilo na mtu.

Kanuni ya hesabu ni kwamba kila megabiti 1 kwa sekunde hujaza gigabaiti 10.8 za diski kwa siku. Kwa duka letu, kwa H.265, ningeweka mlangoni megabiti 3, kaunta 3, nje 3 na stoo 1, jumla 10. Menyu hutumia kilobiti, kwa hiyo utaandika 3072 na 1024. Megabiti 10 ni takriban gigabaiti 108 kwa siku, na diski ya terabaiti 1 itahifadhi siku tisa kabla ya rekoda kuanza kufuta za zamani.

Siku tisa zinamtosha mwenye duka anayefunga hesabu kila jioni. Anayehesabu mali mara moja kwa mwezi anahitaji siku 30, yaani gigabaiti 3,240, ambazo maana yake ni diski ya terabaiti 4. Atakuuliza kama huwezi kupunguza ubora ili diski iliyopo itoshe. Inawezekana, ila atakuwa na video za mwezi mzima zisizomtambulisha mtu yeyote. Mimi humshauri anunue diski, tena ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kwa kuwa itaandikwa usiku na mchana bila kupumzika. Stoo pekee ndiyo ningeiweka irekodi inapoona mwendo.

Chagua VBR, inayoruhusu biti kupanda na kushuka kulingana na mwendo, lakini hesabu ya diski ifanye kwa kiwango cha juu kabisa ulichoandika.

Hatua ya 6: Jua la mchana na giza la usiku

Kwenye mlango unaotazama barabara, watu huonekana kama vivuli vyeusi wakati wa jua kali, kwa sababu kamera inajipima kwa mwanga wa nje. Washa WDR, mpangilio unaosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza, kwenye kamera hiyo peke yake.

Usiku, kamera ikiachwa ijiamulie, hupunguza kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) hadi 1/25 ya sekunde ili ivune mwanga, na mtu anayetembea anafutika, yaani picha yake inakuwa na ukungu. Weka kikomo cha 1/50, au 1/100 palipo na taa. Namba ya gari linalotembea inahitaji 1/500 au zaidi pamoja na kamera yake maalumu, kwa hiyo usiibebeshe kazi hiyo kamera ya nje. Chengachenga za usiku, yaani nukta zinazochezacheza kwenye picha ya gizani, nazo zina gharama iliyofichika: kodeki huzihesabu kama mwendo na kuzimalizia biti ambazo zingeenda usoni. Kipunguza chenga kiweke katikati, maana kikizidi huacha kivuli nyuma ya mtu. Taa moja ya LED juu ya mlango mara nyingi huleta mabadiliko makubwa kuliko menyu yote hii. Ufagie pia utando wa buibui mbele ya lenzi, kwa kuwa mwanga wa infraredi unaotoka kwenye kamera huufanya ung'ae na kuficha picha.

Hatua ya 7: Mtiririko mdogo kwa ajili ya simu

Kamera hutoa video mbili: rekoda hurekodi ile yenye ubora kamili, iitwayo mtiririko mkuu, na simu hutazama ile nyepesi, iitwayo mtiririko mdogo. Mdogo uweke 640 kwa 360, fremu 10, kilobiti 512, kwa H.264. Saa moja ya kutazama kamera moja italamba takriban megabaiti 230 za bando, ilhali mtiririko mkuu wa 3072 ungelamba karibu gigabaiti 1.4, na duka lenyewe litatumia kiasi hichohicho kuirusha.

Hatua ya 8: Jaribu kwa video iliyorekodiwa

Mwombe mtu apite mlangoni kwa mwendo wake wa kawaida, mchana na tena saa mbili usiku. Usipime kwa picha ya moja kwa moja. Toa kipande cha video kwenye flashi, kifungue kwenye kompyuta ya kawaida na ukisimamishe uso unapoonekana. Uso ukiwa vigae, ongeza biti. Ukiwa umefutika, ongeza kasi ya shata. Ukiwa mweusi mchana, angalia WDR. Ukiwa na chenga, ongeza taa. Badilisha kitu kimoja, kisha rudia jaribio kabla ya kugusa kingine. Ukiridhika, hifadhi faili la mipangilio kwenye flashi na umwachie mwenye duka, kwa sababu rekoda ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, yote haya hufutika.