Kuchagua elektrodi inayokunjika na yenye vitundu: anza na kimiminika, si multimita

Elektrodi ni kipande kinachopitisha umeme kuingia au kutoka kwenye kimiminika. Anayeanza huuliza kwanza, "Ipi inapitisha umeme zaidi?" Mimi swali hilo, la multimita (kifaa cha kupima umeme), huliweka karibu na mwisho.

1. Italowekwa kwenye nini? Povu la nikeli (metali yenye vitundu kama sponji) hustahimili hidroksidi ya potasiamu, ambayo ni alkali. Kwenye asidi ya salfuriki linaliwa taratibu. Penye asidi, chukua kaboni.

2. Ikunje. Karatasi ya kaboni ni karatasi kwa jina tu, ukiikunja, pa! imekatika. Kitambaa cha kaboni hukunjika na kurejea. Povu la nikeli hukunjika lakini halirudi, na likikunjwa mara kwa mara mahali pamoja hupasuka.

3. Pima uwazi, yaani sehemu ya kipande iliyo tupu, mwenyewe. Chukua povu la nikeli la sm 2 kwa 5, unene mm 1.6. Ujazo wake ni sm³ 1.6. Mizani ikisoma g 0.35, msongamano ni kama g 0.22 kwa kila sm³, wakati nikeli isiyo na vitundu ni 8.9. Kwa hiyo metali ni asilimia 2.5 tu ya kile kipande. Kilichobaki ni hewa. Ikiwa ni felti ya kaboni (nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa bila kufumwa), usiibane unapopima unene, maana hubonyea na hesabu yote inakwenda kombo.

Uwazi mwingi haumaanishi kuwa maji yataingia. Dondosha tone. Juu ya felti mbichi, ambayo haijatayarishwa, mara nyingi litakaa duara, kama maji kwenye jani la mgimbi. Iloweshe kwa ethanoli kisha maji kabla haijakauka, au ichome hewani kwa nyuzijoto 400 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Unapoagiza karatasi ya kaboni, uliza kama imepakwa tefloni. Hiyo imetengenezwa makusudi ikatae maji.

4. Sasa umeme. Tumia ncha nne: mbili za nje zipitishe mkondo, mbili za ndani zisome volteji. Kwa ncha mbili unapima pia ukinzani wa pale zinapogusa. Ukibonyeza zaidi, namba inashuka. Rudia baada ya kuikunja mara 100.

5. Pima kipande kitupu. Katika alkali, uso wa nikeli hujenga hidroksidi inayotunza chaji yenyewe. Niliwahi kushangilia wiki nzima uwezo wa kutunza chaji niliodhani ni wa unga niliopaka juu ya povu, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ya povu lenyewe. Siku hizi kila fungu jipya likifika, kipande cha kwanza hakipakwi kitu.