Namna ya Kuandaa Mdahalo Kuhusu Kanuni za Shule za Nywele na Mwonekano wa Wanafunzi

Midahalo mingi kuhusu nywele za wanafunzi huharibika kabla haijaanza, kwa sababu hoja yenyewe imetungwa kwa upana kupita kiasi. Ukiandika ubaoni kwamba «Wanafunzi waachwe huru kuhusu mwonekano wao», upande mmoja utasimama kutetea uhuru, upande wa pili utasimama kutetea nidhamu, na kwa saa nzima kila mmoja atarudia neno lake bila kumgusa mwenzake. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua kanuni moja na kuigeuza kuwa hoja: «Kanuni inayowataka wanafunzi wote wanyoe nywele ifutwe», au «Wasichana waruhusiwe kusuka», au «Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya nywele zake». Hoja hii ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi kwa kundi linaloanza kujifunza mdahalo, kwa kuwa haigombani na kanuni yenyewe bali na adhabu yake, na hivyo huwalazimisha wasemaji wote kutenganisha mambo mawili ambayo watu wazima wengi huyachanganya.

Baada ya kuchagua hoja, tafuta kanuni kama ilivyoandikwa. Usiridhike na maelezo ya mdomo, kwa maana mara nyingi jambo linalotekelezwa langoni halimo katika karatasi kabisa, au limo kwa maneno tofauti. Chukua mfano wa sentensi inayofanana na zile zinazopatikana katika vitabu vingi vya kanuni: «Nywele ziwe fupi, safi na za kawaida.» Maneno haya matatu hayana uzito sawa. Ufupi unaweza kupimwa kwa rula. Usafi unaweza kukaguliwa kwa macho. Lakini ukawaida haupimwi wala haukaguliwi mpaka mtu aseme ni nywele za nani zilizochukuliwa kuwa kipimo, na hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Mwanafunzi ambaye nywele zake huota zikisimama, au zimejisokota, au zina rangi isiyo ya wengi, anaweza kuonekana amevunja kanuni hali hajafanya lolote.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2017, mwanafunzi mmoja wa sekondari katika mkoa wa Osaka, Japani, alifungua kesi akidai kwamba alizaliwa na nywele za rangi ya kahawia na kwamba walimu walimlazimisha kuzipaka rangi nyeusi tena na tena. Mahakama ilipotoa hukumu mwaka 2021 iliamuru alipwe fidia ya yeni 330,000 kwa namna alivyotendewa, ikiwemo kuondolewa kwa dawati lake na jina lake darasani, lakini haikusema kwamba kanuni yenyewe ilikuwa haramu. Mwaka uliofuata, shule za sekondari za umma zilizo chini ya serikali ya Tokyo ziliondoa kanuni za kulazimisha nywele nyeusi. Msemaji anayeutumia mfano huu anapaswa kuueleza wote, pamoja na sehemu isiyompendeza.

Uzito wa neno lililoandikwa huonekana pia Marekani. Katika jimbo la Texas, sheria iliyoanza kutumika Septemba 2023 ilikataza ubaguzi unaotokana na aina ya nywele na mitindo kama vile misuko na rasta. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa urefu wa rasta zake alitarajia kwamba sheria hiyo ingemlinda, lakini Februari 2024 hakimu aliamua kwamba shule haikuivunja, kwa kuwa sheria ilitaja mtindo na haikutaja urefu. Kila kundi la mdahalo lingefaidika kwa kuijadili hukumu hiyo kwa robo saa kabla ya kuandika hoja zake, kwa sababu inafundisha kwamba ushindi wa maneno mapana unaweza kuanguka kwa neno moja lililosahauliwa.

Sasa ndipo pande mbili zitayarishe hoja zao, na ninashauri kwamba pande zigawanywe kwa kura, si kwa matakwa ya mtu. Anayeichukia kanuni atajifunza mengi akilazimika kuitetea. Wanaotetea kanuni wana hoja nne za kweli, nazo hazistahili kudharauliwa. Ya kwanza ni usalama: nywele ndefu zisizofungwa ni hatari karibu na moto wa maabara na karibu na mashine zinazozunguka katika karakana. Ya pili ni usafi, hasa katika mabweni yenye watu wengi na maji machache. Ya tatu ni muda, kwa kuwa nywele fupi hazihitaji kuamka mapema. Ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni usawa: pale ambapo kusuka kunagharimu fedha, kichwa cha mwanafunzi huwa tangazo la uwezo wa mzazi wake, na mtoto wa familia maskini hulibeba tangazo hilo kila siku darasani. Upande unaopinga kanuni ukishindwa kuijibu hoja hii ya nne, haujashinda mdahalo, hata ukipigiwa makofi.

Namna ya kuzijibu hoja hizo si kuzikana, bali kuuliza maswali mawili juu ya kila moja: je, kanuni inaleta matokeo hayo kweli, na je, ipo njia nyepesi zaidi ya kuyapata? Katika maabara, kufunga nywele nyuma kunatosha, na mwanafunzi hahitaji kunyolewa mwaka mzima kwa ajili ya kipindi cha jaribio. Kuhusu chawa, wasemaji waseme ukweli wa kitabibu: chawa wa kichwani hawaruki wala hawapai, huenea hasa vichwa vinapogusana, na wanaweza kuishi katika nywele safi vilevile. Ni kweli pia kwamba kichwa kilichonyolewa ni rahisi kukagua. Kinachobishaniwa ni kama urahisi huo unatosha kuwa sababu ya kumnyoa kila mtu siku zote. Kuhusu usawa, wanaopinga wanaweza kupendekeza kwamba misuko ya kawaida isiyohitaji nywele za bandia iruhusiwe, ile inayoweza kusukwa nyumbani na ndugu, huku mapambo ya gharama yakiendelea kukatazwa. Pendekezo la namna hiyo huonyesha kwamba msemaji amemsikiliza mpinzani wake.

Dini na utamaduni vinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi hupenda kusema kwamba «mahakama zimeshaamua». Ni kweli kwamba mahakama zimeamua mengi. Mwaka 1983 majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini Uingereza walimpa haki mtoto wa Kisingasinga aliyenyimwa nafasi shuleni kwa kukataa kukata nywele na kuvua kilemba. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimuunga mkono msichana aliyekatazwa kuvaa kipini cha pua ambacho kilikuwa sehemu ya desturi ya familia yake yenye asili ya Kihindi. Mahakama Kuu za Kenya mwaka 2019, Ghana mwaka 2021 na Malawi mwaka 2023 ziliamua kwamba watoto wa Kirasta wasifungiwe milango ya shule kwa sababu ya rasta zao. Lakini ukizisoma kesi hizi kwa makini utaona kwamba kwa sehemu kubwa hazikuziondolea shule mamlaka ya kuweka kanuni. Swali lilikuwa kwa nini kanuni ile haikuweza kumpa nafasi mtoto yule. Msemaji makini atasema hivyo hasa, wala hatadai kwamba kanuni za nywele zimefutwa duniani.

Kesi ya Afrika Kusini ina faida nyingine. Shule ilihofia kwamba ikimruhusu mmoja, wengi watakuja na madai yao, na hofu hiyo ndiyo itakayotajwa katika kila mdahalo wa aina hii. Mahakama ilijibu kwamba kama wapo wengine wenye imani na desturi za dhati ambao walikuwa wakiogopa kujitokeza, kujitokeza kwao ni jambo la kufurahiwa. Wanaotetea kanuni nao wana haki ya kuuliza: nani atapima udhati huo, na atampimaje mtoto wa miaka kumi na minne? Waachwe waulize, maana ni swali gumu.

Kabla ya siku yenyewe, wekeni masharti mawili yasiyovunjwa. La kwanza ni kwamba hakuna kichwa cha mtu yeyote aliyemo ukumbini kitakachotumiwa kuwa mfano, awe mwanafunzi au mwalimu, hata kwa kusifiwa. La pili ni kwamba hakuna neno litakalosemwa kwa heshima katika mdahalo litakaloleta adhabu baadaye, na mkuu wa shule alitamke hilo mwenyewe mbele ya wote, kisha asiwe yeye mwenyekiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mdahalo ambao wasemaji wake wanaogopa haukidhi haki hiyo.

Ninasisitiza sharti la kwanza kwa sababu aibu ndiyo kiini cha suala hili. Mkasi ukipitishwa katikati ya kichwa cha mtoto, kutoka paji la uso hadi utosini, mbele ya wenzake wote waliopanga mstari, ili alazimike kwenda kumalizia kunyoa mwenyewe, kitendo hicho hakipimi tena urefu wa nywele. Kifungu cha 28 cha mkataba uleule kinataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Kwa hiyo kila anayetetea kanuni atakiwe kueleza pia itatekelezwaje, na nani, na wapi. Vivyo hivyo kwa adhabu ya kurudishwa nyumbani: aliyesema kwamba kanuni inalinda masomo aeleze ni vipindi vingapi mwanafunzi atavikosa.

Utaratibu wa siku hiyo ni mwepesi. Wasemaji wawili kila upande, dakika tano kwa kila mmoja, kisha maswali kutoka kwa hadhira, kisha majibu ya dakika tatu ambamo hoja mpya hairuhusiwi. Waamuzi watoe alama kwa ushahidi na kwa namna msemaji alivyomjibu mwenzake, na ufasaha uje baadaye.

Kura ikishapigwa, katibu aandike pendekezo lenye maneno kamili ya kanuni, si malalamiko. Badala ya «nywele ziwe za kawaida», aweza kuandika: «Nywele za aina yoyote ziwe safi, na zikivuka mabega zifungwe katika maabara, karakana na jikoni.» Pendekezo lipelekwe kwa mkuu wa shule na bodi likiwa na tarehe ya kuombwa jibu, na chini yake iandikwe kwa uaminifu hoja yenye nguvu kuliko zote ya upande ulioshindwa, pamoja na jibu lake, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza mezani.