Mkono ulioumia wakati wa kuzaliwa: mambo ya kuzingatia kabla mtu mzima hajafuata matibabu

Huku Kigoma mtu mwenye mkono uliolegea tangu utotoni huambiwa mengi: ni polio, ni sindano iliyochomwa vibaya, ni mkono wa mtu. Kwa baadhi yao chanzo ni siku ile ile ya kuzaliwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama kwenye nyonga ya mama, na katika hangaika ya kumtoa mtoto shingo ikavutika upande. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ina mizizi mitano. Mara nyingi huumia miwili ya juu, ndiyo maana bega na kiwiko vinakuwa dhaifu huku vidole vikishika vizuri tu. Ikiumia yote mitano, hata kiganja kinalala.

Ukiwa na miaka 25 au 40 na umeamua sasa unataka kutibiwa, lipo jambo la kulimaliza nyumbani kabla ya kutafuta nauli. Upasuaji wa kuunga mishipa yenyewe ni wa vichanga. Wengi hufanyiwa wakiwa na miezi 3 hadi 9. Msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu au miwili bila mshipa wa fahamu hunywea, na hata ukipelekewa mshipa mwingine hauamki. (Kama kuna kichanga mtaani kwenu ambaye mkono mmoja hauchezi, mwambieni mama yake asisubiri arobaini iishe.) Kwa mtu mzima hakuna tiba ya kuufanya mkono huo uwe sawa na mwenzake, na anayekuahidi hivyo, awe na koti jeupe au kibuyu, anatafuta hela yako. Kilichopo ni tiba ya kuuwezesha mkono kufanya kazi fulani, au kuufanya uache kuuma.

Kwa hiyo ichague hiyo kazi, na iwe moja. "Nataka mkono upone" haimpi daktari pa kuanzia. "Nataka kufikisha tonge mdomoni bila kiwiko kupaa usoni kwa aliyekaa pembeni yangu" inampa. Jipime: simama, bana kiwiko ubavuni, kikunje, halafu jaribu kupeleka kiganja upande wa nje. Kwa wengi mkono unagoma, kwa sababu bega limekaa miaka likiwa limegeukia ndani. Mwombe mtu wa nyumbani akurekodi kwa simu ukila, ukivaa shati, ukichana nywele, ukijitwisha ndoo. Video fupi ya namna hiyo ina maana kubwa kuliko maelezo ya nusu saa mbele ya daktari mwenye foleni ndefu mlangoni.

Daktari bingwa wa mifupa ana njia kadhaa. Anaweza kuchukua msuli mzima wa mgongoni na kuuhamishia begani ili uvute mkono kwenda nje. Kiungo cha bega kikiwa kimeshaharibika umbo, hali ambayo watu wazima wengi wanayo, mara nyingi ataona heri aukate mfupa wa mkono wa juu, auzungushe, kisha aufunge kwa bamba na skrubu. Kiwiko kisichokunja huweza kuazimiwa msuli kutoka kwingine, hata pajani. Bega lililosagika na kuuma mno huweza kugandishwa lisicheze tena.

Sasa, kila kinachoongezwa hupunguza kingine, na hapa watu hawaulizi. Mfupa ukizungushwa kwenda nje, mkono unafika mdomoni na kichwani, lakini unaweza usifike tena tumboni wala nyuma ya mgongo. Maana yake ni vifungo vya shati, kufunga khanga, kufunga sidiria, kuchamba. Lifikirie hili bila haya. Kama mkono ulioumia ni wa kushoto na ndio unaoutumia chooni, ukishindwa kufika huko kazi yote itahamia wa kulia, ule ule wa kulia ugali. Kuna mtu bei hiyo ataiona ndogo, na kuna ambaye hataikubali hata bure. Daktari hawezi kujua wewe ni yupi mpaka useme. Muulize wazi: nikipata hiki, nitapoteza nini? Na umeshawafanyia watu wazima, au watoto tu?

Kabla ya kisu, mazoezi tiba. Anzia kitengo cha mazoezi hayo (fiziotherapia) hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa wa Kigoma na Kitete kwa wa Tabora. Hayatafufua msuli uliokufa, ila hulainisha kiungo kilichokaza na kuimarisha misuli iliyobaki, na hata daktari wa upasuaji atataka kuona umeyafanya. Mwambie mtaalamu akuangalie na ule mkono usioumia pia. Mama anayekaanga mihogo pale Mwanga kwa mkono mmoja tangu akiwa msichana, akifika miaka 40 anayelalamika ni ule mkono mzima: bega linauma, vidole vinakufa ganzi usiku, shingo imekaza. Ukipoteza na huo, umebaki na nini? Jiko la kimo kinachokufaa, ndoo ndogo badala ya kubwa, mzigo kubebwa na mtu mwingine, hayo nayo ni matibabu.

Maumivu yana sura mbili. Ya kiungo na msuli huuma ukifanya kazi. Ya mshipa wa fahamu huunguza au hupiga shoti hata ukiwa umelala, na haya hayaisikii sana diklofenaki ya dukani, ambayo ukiizoea huumiza tumbo na figo. Zipo dawa za maumivu hayo, kama amitriptilini na gabapentini, lakini ni za kuandikiwa. Na mkono ukianza udhaifu mpya au ganzi mpya, usiusingizie uzazi. Kisukari, shingo, ukoma na kiharusi havijali kwamba ulikuwa na ulemavu kabla. Ukilegea ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Kadi ya kliniki ya zamani hiyo huna, najua. Mama mzazi au bibi ndiye faili lako, basi muulize angali hai: mtoto alikuwa mkubwa? Alitanguliza miguu? Mkono ulilegea tangu siku ya kwanza au baada ya homa? Jibu hilo la mwisho ndilo linalosaidia kutenganisha na polio.

Omba barua ya rufaa. Ukiruka ngazi utalipia. CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya kijijini, usidhani itakufikisha hospitali ya Bugando kule Mwanza au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili kule Dar, na hata mwenye bima nyingine aulize kwanza kama upasuaji wake umo. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya bili kuja.

Panga majira. Msuli ukihamishwa, mkono hufungwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi, kisha mazoezi ya miezi. Anayetegemea jembe au tumbaku asikubali tarehe ya Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Mwulize pia daktari mkono utafungwa katika mkao gani, kwa sababu baada ya operesheni ya bega wakati mwingine hufungwa ukiwa umetanuliwa kando, na basi la kutoka Mwanza kupitia Nyakanazi hadi Kasulu halina kiti cha mtu wa namna hiyo. Kata viti viwili. Waliotibiwa Dar wana treni, ikiwezekana behewa la kulala.

Mwisho ni mtaalamu wa usingizi. Mshipa unaoendesha kiwambo cha kupumulia hutokea shingoni, jirani kabisa na hiyo iliyovutika, na kwa baadhi ya watu uliumia pamoja nayo bila wao kujua. Ganzi ya shingoni ikipigwa upande wa mkono usioumia, pumzi inaweza kuleta shida, achilia mbali kukaa masaa bila mkono hata mmoja. Mwambie mapema, hata kama kilichokupeleka ni ngiri au operesheni ya uzazi.