Namna ya Kujifunza Ubingwa wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake Katika Hospitali ya Kufundishia

Daktari anayeanza kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake huiogopea zaidi mikono yake: je, ataweza kumpasua mama na kumtoa mtoto salama? Hofu hiyo ina msingi, lakini mikono huzoea kazi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kinachochelewa kukomaa ni uamuzi, yaani kujua ni wakati gani usubiri, wakati gani upasue, na wakati gani umwite aliyekuzidi uzoefu. Mafunzo haya huchukua miaka 4 nchini Marekani na miaka 7 Uingereza, na popote yanapotolewa, mwanafunzi anapaswa kuyapanga kwa namna itakayoulea uamuzi huo.

Kabla ya kuomba nafasi, zungumza na wanafunzi waliopo katika hospitali unayoilenga. Waulize kama bingwa hufika leba usiku anapoitwa, na kama mwanafunzi huachiwa kisu mbele ya msimamizi au huachiwa tu msimamizi asipokuwepo. Mimi huona swali hili la pili kuwa na uzito kuliko idadi ya akina mama wanaojifungulia hapo kwa mwaka, kwa sababu anayefanya upasuaji mwingi bila kusahihishwa huyazoea makosa yake hadi akayaona kuwa ndiyo njia ya kazi.

Miezi ya mwanzo itumie leba, karibu na wakunga. Mchague mama mmoja katika kila zamu, umfuatilie tangu uchungu unapokolea hadi kondo la nyuma litoke, hata kama umekwisha kuona uzazi mara nyingi ukiwa mwanafunzi wa udaktari. Papasa tumbo kabla ya kupima njia ya uzazi, na kila unapopima, andika ulichokikuta: mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, kichwa kimeshuka kiasi gani, mifupa ya fuvu imepandana au la. Kisha mwombe mkunga mzoefu au daktari aliyekutangulia apime pale ambapo kipimo cha pili kinahitajika kwa manufaa ya mama na mama mwenyewe ameridhia, nawe ulinganishe. Usibadilishe ulichoandika baada ya kumsikia mwenzako. Tofauti iliyobaki kwenye karatasi ndiyo itakayokuonyesha vidole vyako vinakosea wapi. Kumbuka pia kwamba mwongozo wa kufuatilia leba uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 huhesabu leba hai, yaani kipindi ambacho mlango wa kizazi hufunguka kwa kasi zaidi, kuanzia sentimita 5, na uliuondoa mstari wa tahadhari wa chati ya zamani ya leba, uliotaka mlango ufunguke sentimita 1 kila saa. Mwanafunzi asiyelielewa badiliko hili huweza kumpeleka chumba cha upasuaji mama ambaye angejifungua kwa njia ya kawaida kama angepewa muda.

Katika chumba cha upasuaji, panda ngazi moja moja: kushika vifaa na kusaidia, kushona ngozi, kufungua tumbo, kupasua na kushona mfuko wa uzazi, kisha upasuaji mzima. Kabla ya kunawa mikono, mweleze msimamizi sehemu unayoomba kuifanya na hatari unayoitarajia hapo. Tamka uamuzi wako kabla yeye hajatamka wake, kwa maana anayesubiri kuambiwa hawezi kujua kama angekosea. Zipo hali zinazohitaji uzisome na uzitazame mara nyingi kabla ya kuziongoza: kichwa cha mtoto kilichozama ndani ya nyonga baada ya leba ndefu, kovu la zamani lililogandisha kibofu cha mkojo, na kondo lililojishika katika kovu hilo. Katika upasuaji wa kuondoa kizazi, usichoke kuutafuta mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, kwa kuwa hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, umbali wa takriban sentimita 2 tu kutoka mlango wa kizazi. Hapo ndipo mkono wenye haraka hufunga au kukata kisichopaswa kuguswa.

Daftari la upasuaji linalodaiwa na chuo huhesabu idadi tu. Tunza la kwako pia, bila majina ya wagonjwa, uandike siku hiyo hiyo kwa nini mliamua kupasua, ni hatua gani ilikushinda, na mama aliendeleaje aliporudi kliniki baada ya wiki 6.

Dharura hazingoji ukumbuke kitabu. Mimba inapokaribia kutimia, mfuko wa uzazi hupitisha takriban nusu lita ya damu au zaidi kila dakika, na ndiyo maana mama anayetoka damu baada ya kujifungua huweza kufariki kabla mashauriano hayajaisha. Fanya mazoezi pamoja na wakunga na watoa ganzi: nani anasugua mfuko wa uzazi, nani anatoa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, nani anaandaa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ambayo inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Fanya vivyo hivyo kwa kifafa cha mimba na kwa mtoto aliyekwama mabega. Ijue kabati ya dawa kwa mkono wako mwenyewe, gizani ikibidi.

Unapomwita bingwa usiku, usianze na historia ndefu. Sema mama ana nini, unadhani chanzo ni nini, umekwisha fanya nini, na kwamba unamhitaji afike. Kuita mapema si udhaifu, na msimamizi anayekukaripia kwa hilo ndiye mwenye kosa.

Leba humeza muda wote usipoulinda, na wanawake wenye fistula, saratani ya mlango wa kizazi au ugumba wakabaki kuhudumiwa na daktari aliyewasoma vitabuni tu. Kwa hiyo omba siku zako za kliniki na upasuaji wa magonjwa ya wanawake kwa maandishi tangu mwaka wa kwanza. Utafiti nao uanze mwaka huo huo, kwa swali dogo ambalo takwimu zake zinapatikana ndani ya hospitali.

Mama akifariki mikononi mwako, hudhuria kikao cha kuchunguza kifo hicho, useme ulichokiona bila kujificha wala kumtupia mtu lawama, na kabla ya zamu inayofuata utafute mtu wa kuzungumza naye na ulale vya kutosha.

Katika mwaka wa mwisho, mwombe msimamizi akae pembeni, ndani ya chumba lakini bila glavu, nawe umwongoze mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika upasuaji rahisi. Mwishoni mwulize ni wapi angekuzuia.