Jinsi ya kuandaa mkesha wa kudai mateka warudishwe, kwa sisi wa Kigoma

Anzeni na familia jamani. Kabla hujanunua mshumaa hata mmoja, muende watu wawili watatu kwa mama wa aliyetekwa, mkae nae, mumuulize jina litamkweje, picha ipi itumike na kitu gani hataki kisemwe barabarani. Kwenye orodha ya mateka wa 7 Oktoba 2023 kule Israel walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania walioenda kujifunza kilimo, wote tumewapata wakiwa marehemu, wa pili mwili wake umetolewa Gaza Novemba 2025, miaka miwili wazazi wanasubiri! Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mateka ni mambo ya mbali mkumbushe hilo.

Halafu polisi. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, saa 48 kabla, useme mahali, muda na lengo. Pelekeni mapema na mbaki na nakala yenye muhuri, mwenyekiti wa mtaa nae ajue.

Siku chagueni ya mbalamwezi. Wakati wa giza wavuvi wako ziwani na dagaa, mwezi ukiwa mkubwa ndo wapo nyumbani na Kibirizi nzima, kule kwa wavuvi, inaweza kuja. Muda saa mbili na nusu usiku, watu wameshatoka kuswali isha. Shehe na mchungaji waombeni waje wote, dua fupi fupi.

Sasa mishumaa, hapa ndo wengi tunakosea. Pale mbele ya stesheni upepo wa ziwa hauna huruma, mara ya kwanza tuliwasha mishumaa kama mia na dakika kumi hazijaisha tumebaki gizani tunaazimana kiberiti. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata juu, weka mchanga vidole vinne, chomeka mshumaa katikati ili moto ubaki chini ya ukingo wa chupa. Mchanga uwe mkavu na mzito, chupa isipepesuke. Watoto wasishike, na kina mama wafunge vizuri mitandio na khanga, moto unadaka haraka sana.

Tel Aviv familia za mateka walikuwa wanatandika meza ndefu yenye viti vitupu. Sisi tunaweka kiti cha plastiki kimoja kwa kila aliyetekwa, juu yake nguo yake au khanga ya mama yake, na hakuna anaekikalia hata kama miguu inauma.

Majina yasomwe taratibu na mtu mmoja mwenye sauti tulivu, jina, umri, kwao wapi, halafu kimya mpaka uhesabu kumi. Spika ndogo inatosha. Matusi kwa dini au taifa la mtu msiruhusu kabisa, akianza mmoja mvute pembeni kwa upole, maana kesho ndo itakayosambaa hiyo na majina ya watoto wetu yatasahaulika.

Kabla watu hawajatawanyika tangazeni tarehe ya mkesha unaofuata. Wasichana 276 wa shule ya Chibok kule Nigeria walipotekwa Aprili 2014, watu Abuja walikusanyika siku baada ya siku kudai warudishwe. Panga bodaboda za kuwarudisha kina mama na mabinti, okoteni chupa zote, na ile khanga irudisheni kwa mama usiku huohuo, mkononi mwake.